Joto la Mafuta ya Giaboksi Katika Mashamba na Miinuko ya Mau Narok

Mada ya mazungumzo haya ni joto la mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yaani yale mafuta mekundu yanayozunguka ndani ya giaboksi ya gari lisilo na kanyagio la klachi, na namna dereva wa pikapu anavyoweza kulifuatilia joto hilo akiwa safarini badala ya kusubiri gari limwoneshe kwa uharibifu. Eneo linalochukuliwa kuwa mfano ni Mau Narok, kusini mwa Njoro katika Kaunti ya Nakuru, ambako mashamba ya viazi, ngano, shayiri, karoti na kabichi yametandaa kwenye mwinuko wa kati ya mita 2,700 na 3,000 kutoka usawa wa bahari. Eneo hilo ni la baridi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba joto la mitambo ni tatizo la Garissa au la Mombasa, wala halina nafasi mahali ambapo watu huvaa makoti mwezi wa Julai. Dhana hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa giaboksi haipati joto lake kutoka hewani; hulizalisha yenyewe, na mazingira ya Mau Narok yana karibu kila kitu kinachoifanya ilizalishe kwa wingi.

Kwa miaka mingi pikapu ya shambani nchini Kenya ilikuwa ya gia za mkono, na hekima yote ya madereva na mafundi ilijengwa juu ya klachi ya kukanyaga, ambayo ikiungua hutoa harufu inayojulikana na kila mtu, na hubadilishwa kwa siku moja. Hali imebadilika. Toyota Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2015 hupatikana ikiwa na giaboksi ya otomatiki ya gia sita, Isuzu D-Max inayouzwa na Isuzu East Africa, kampuni iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi mwaka 2017, nayo hupatikana ya otomatiki, na Ford Ranger imefikia gia kumi. Magari hayo hununuliwa yakiwa mapya na mashirika, kampuni na serikali za kaunti, kisha baada ya miaka kadhaa huangukia mikononi mwa wakulima na wachuuzi wa mazao, ambao huyapa kazi nzito kuliko zote yalizowahi kufanya, wakati mafuta ya giaboksi mara nyingi ni yaleyale yaliyotoka nayo kiwandani.

Ili kuelewa joto hilo linatoka wapi, inafaa kueleza kwanza kile kinachokaa kati ya injini na giaboksi. Katika gari la gia za mkono nguvu ya injini hupita kwenye kisahani cha klachi kinachobanwa, chuma kwa chuma na msuguano katikati. Katika gari la otomatiki nguvu hiyo hupita kwenye mafuta. Chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa konvata, nacho ni kitu cha duara chenye magurudumu ya mapanga ndani yake: moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta, la pili hupokea mafuta hayo na kuzunguka likiizungusha giaboksi, na lililo katikati huyarudisha mafuta kwa pembe inayoongeza msukumo. Wazo hilo ni la Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani aliyelipatia hataza mwaka 1905 akifikiria meli, ambako injini ya mvuke ya mzunguko wa kasi ilihitaji kuendesha panga la majini linalozunguka polepole. Magari ya kawaida yalianza kuuzwa kwa wingi yakiwa na giaboksi ya otomatiki pale kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotoa Hydra-Matic katika Oldsmobile za mwaka 1940, ingawa hiyo ya kwanza ilitumia namna rahisi zaidi ya chombo cha mafuta, isiyozidisha msukumo.

Uzuri wa konvata ni kwamba injini inaweza kuendelea kunguruma wakati magurudumu yamesimama, kwa sababu mafuta huteleza. Gharama ya utelezi huo ni joto. Nguvu yoyote iliyoingia konvata bila kutoka upande wa pili haipotei hewani, bali hubaki ndani ya mafuta ikiwa joto, na kadiri tofauti ya mwendo kati ya injini na magurudumu inavyokuwa kubwa ndivyo fungu hilo linavyoongezeka. Kwa mfano, pikapu yenye uzito wa tani tatu pamoja na mzigo, inayopanda polepole kwenye tope, inaweza kudai kilowati 40 kutoka kwenye injini, na iwapo robo ya nguvu hiyo itapotea katika utelezi, kilowati 10 zitaingia katika mafuta, ambazo ni sawa na birika tano za umeme zikichemsha kwa wakati mmoja ndani ya chombo kilichofungwa. Giaboksi ya pikapu hubeba takriban lita tisa. Hesabu ya kawaida ya fizikia inaonesha kwamba lita hizo, kama hazingekuwa na kipoozeo chochote, zingepanda zaidi ya digrii 35 za Selsiasi katika dakika moja. Kipoozeo kipo, na ndicho kinachoiokoa giaboksi kila siku, lakini hesabu hiyo inafafanua kwa nini joto la mafuta linaweza kutoka kwenye usalama hadi kwenye hatari kabla dereva hajamaliza kupita kidimbwi kimoja.

Watengenezaji waliligundua tatizo hilo mapema, na katika giaboksi za kisasa waliweka klachi ndogo ndani ya konvata yenyewe, ambayo kompyuta huifunga gari likishika mwendo, hivyo injini na giaboksi huzunguka pamoja bila utelezi na joto hushuka. Klachi hiyo hufungika katika mwendo wa wastani na wa kasi, lakini kwa kawaida haifungiki gari likitambaa. Kwa hiyo swali muhimu kwa dereva yeyote wa pikapu ya otomatiki ni hili: katika safari yake, ni sehemu gani ambayo konvata inabeba mzigo mzito ikiwa haijafungwa?

Jibu la Mau Narok linashangaza kidogo. Mzigo wa viazi ukielekea sokoni hushuka, kwa kuwa Njoro iko kwenye mita zipatazo 2,160 na mji wa Nakuru kwenye mita 1,850 hivi, na barabara inayopitia Likia kuelekea Njoro kwa sehemu kubwa ni mteremko. Mtu angetarajia giaboksi ipumzike. Kazi nzito ya safari hiyo, hata hivyo, huwa imeshafanyika kabla ya gari kufika barabarani, katika zile kilomita chache za njia ya shambani ambako udongo wa volkeno, mweusi, mzito na wenye rutuba inayosifiwa, hugeuka kuwa utelezi mtupu mvua zinapoanza mwezi Machi na huendelea hivyo kwa miezi mingi. Hapo pikapu iliyobeba magunia 20 ya kilo 50, ambayo peke yake ni tani moja kamili kabla ya gunia la ziada la mwenye shamba na wapakiaji wawili waliokaa juu yake, hutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea huku injini ikizunguka kwa nguvu. Kanuni za serikali kuhusu zao la viazi zinazoweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia ziliwekwa kumlinda mkulima dhidi ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake kwa kushonewa kilemba, lakini lumbesa humwibia pia mwenye gari, kwa sababu dereva anayehesabu magunia bila kujua uzito wa kila moja hajui giaboksi yake inavuta nini.

Hali mbaya kuliko zote ni ya kukwama. Magurudumu yakizama na kukataa kuzunguka huku dereva akiendelea kukanyaga mafuta, konvata hufikia hali ambayo upande mmoja unazunguka na upande wa pili umesimama kabisa, na nguvu yote ya injini, si robo tena, hugeuka joto ndani ya mafuta. Mafundi hutumia hali hiyohiyo kwa makusudi wanapoijaribu giaboksi karakanani, gari likiwa limefungwa breki, na vitabu vya watengenezaji huagiza kwamba jaribio hilo lisizidi sekunde 5. Dereva aliyekwama hukanyaga kwa dakika nzima, kisha huhamisha gia nyuma na mbele, nyuma na mbele, ili kulitikisa gari litoke, na kila badiliko hulazimisha visahani vya ndani ya giaboksi kushika vikiwa vinateleza kwenye mafuta ambayo tayari yamewaka. Majirani husukuma, gari hutoka, watu hushangilia, na uharibifu uliofanyika hapo hautajulikana hadi miezi kadhaa baadaye, wakati giaboksi itakapoanza kuchelewa kushika gia na fundi atakapolaumu barabara ya Nairobi.

Mwinuko wenyewe nao una sehemu yake, na hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi inavyostahili katika karakana za Nakuru. Kwenye mita 2,900 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 70 tu ya lile la Mombasa. Hewa ni baridi, ndiyo, lakini ni nyembamba, na feni inayozungusha ujazo uleule wa hewa huchukua uzito mdogo wa hewa hiyo, kwa hiyo sehemu ya faida ya baridi hupotea. Zito zaidi ni suala la kuchemka. Maji yaliyo wazi kwenye mwinuko huo huchemka kwa digrii 90 hivi, si 100, jambo ambalo mpishi yeyote wa maharagwe wa Mau Narok analijua kwa subira yake. Rejeta ya gari hukwepa tatizo hilo kwa mfuniko wenye springi, unaozuia shinikizo litoke hadi lifikie kiwango fulani, na mfuniko mzima wa kawaida huweza kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 117 hata kwa maji matupu. Mfuniko ukilegea, au ukibadilishwa na wa bei rahisi usioshika, maji ya rejeta yatachemka karibu na digrii 90, ambalo ni joto la kawaida kabisa la injini inayofanya kazi vizuri.

Uhusiano wa jambo hilo na giaboksi ni wa moja kwa moja, ingawa kwa macho hauonekani. Katika pikapu nyingi mafuta ya giaboksi hupelekwa kwa mabomba mawili hadi kwenye rejeta, na hupita katika kipoozeo kidogo kilichozamishwa ndani ya tangi la chini au la pembeni, ambako maji ya injini huyapunguzia joto. Kipoozeo cha namna hiyo hakiwezi kuyafanya mafuta yawe ya baridi kuliko maji yanayokizunguka, na maji yakichemka na kugeuka mapovu, uwezo wake wa kuchukua joto huporomoka. Hivyo mfuniko wa rejeta uliochakaa, kitu cha bei ndogo kabisa katika duka la vipuri, unaweza kuiua giaboksi inayogharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Kuna pia hatari ya pili katika mpangilio huo: kipoozeo kikitoboka kwa kutu, maji na mafuta huchanganyika na kuwa uji wa rangi ya waridi, na maji hulegeza gundi inayoshikilia nyuzi za visahani vya msuguano. Kutumia maji ya mtoni badala ya kulanti, yaani kile kimiminika chenye dawa ya kuzuia kutu, ndiyo njia ya uhakika ya kufika huko.

Mafuta yanayozungumziwa ni kitu cha kitaalamu zaidi kuliko mafuta ya injini. Huzungusha konvata, hulainisha meno ya gia, hubeba joto, hupitisha shinikizo linalofunga visahani, na wakati huohuo lazima yawe na msuguano uliopimwa ili visahani vishike kwa ulaini bila kukwaruza wala kuteleza. Kazi hizo zinapingana, na dawa zinazoyafanya mafuta yaweze kuzitimiza zote ndizo zinazoharibika kwa joto. Kwa miaka mingi mojawapo ya dawa hizo ilikuwa mafuta ya nyangumi aina ya spemu, ambayo yalivumilia joto vizuri mno, hadi Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za mnyama huyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wanakemia wakalazimika kutafuta mbadala katika maabara.

Mafuta haya hufanya kazi vizuri yakiwa kati ya digrii 80 na 95 hivi. Juu ya hapo oksijeni huanza kuyala kwa kasi inayoongezeka, na kanuni ya zamani ya mafundi, iliyotokana na mafuta ya madini, husema kwamba kila nyongeza ya digrii 10 hupunguza umri wa mafuta kwa nusu. Mafuta ya kisasa ya kutengenezwa maabara huvumilia zaidi, lakini mwelekeo ni uleule. Yakikaribia digrii 115 huanza kuacha utando mgumu kama vanishi kwenye vali ndogo, ambazo mianya yake ni myembamba kuliko unywele. Yakikaribia 130 mipira ya kuziba huanza kukauka na kuwa migumu. Na karibu na 150 visahani huteleza, utelezi huleta joto zaidi, na joto hilo huleta utelezi mwingine. Mwenye gari aliyeambiwa kwamba mafuta yake ni ya maisha yote ya gari anapaswa kuuliza ni maisha yapi yanayokusudiwa, kwa kuwa vitabu vya watengenezaji walewale huweka masharti tofauti kwa gari linalobeba mzigo mzito, linalovuta trela au linalopita kwenye matope na vumbi. Kilomita 60,000 za barabara ya lami kati ya Nakuru na Naivasha na kilomita 60,000 za kutoka shambani Mau Narok si umri mmoja, hata kama namba iliyo kwenye dashibodi ni ileile.

Hapo ndipo suala la kupima linapoingia. Dashibodi ya pikapu huonesha joto la maji ya injini, lakini kwa giaboksi nyingi kilichopo ni taa tu, ambayo huwaka mafuta yakishapita mbali kiwango cha kufaa. Taa hiyo ina thamani, na dereva anayeiona ikiwaka anapaswa kusimama, lakini haielezi chochote kuhusu safari mia moja zilizofika digrii 125 na kurudi bila kuiwasha. Ni vigumu kukubaliana na uamuzi wa watengenezaji wa kumnyima dereva namba ambayo gari lenyewe linayo, maana kompyuta ya giaboksi huisoma kila wakati kutoka kwenye sensa iliyo ndani ya mafuta na huitumia kuamua lini ibadilishe gia na lini ifunge konvata.

Namba hiyo inaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, ambayo magari yanayouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia mwaka 1996 na ambayo sasa imeenea duniani kote. Kifaa kidogo cha kuchomeka hapo, cha aina inayotumia Bluetooth, huuzwa kwa bei ya tairi kuukuu au pungufu ya hapo, na husomwa kwa programu ya simu. Tahadhari inayohitajika ni kwamba orodha ya vipimo vya kawaida inayofanana kwa magari yote inahusu injini na moshi, wala haina joto la giaboksi; kila mtengenezaji ameliwekea joto hilo namba yake ya siri ya kuliomba, kwa hiyo programu lazima iwekewe namba sahihi ya aina hiyo ya gari na ya giaboksi hiyo. Dereva anaweza kuhakiki usahihi kwa urahisi: asubuhi, gari likiwa limelala nje usiku kucha, joto la giaboksi, la maji ya injini na la hewa lapaswa kukaribiana, na tofauti ikiwa kubwa basi namba iliyowekwa siyo.

Njia ya pili ni kufunga geji ya pekee yenye sensa yake, na hapa mahali pa kufunga hubadilisha maana ya namba. Sensa iliyo kwenye sampu, yaani karai la chini la kuhifadhia mafuta, huonesha wastani wa mafuta yote, na huo ndio unaolingana na viwango vilivyotajwa hapo juu. Sensa iliyo kwenye bomba linalotoka konvata kuelekea kipoozeo huonesha mafuta yakiwa katika joto la juu kabisa, na inaweza kuruka digrii 30 au zaidi juu ya sampu kwa muda mfupi bila kuwa dalili ya maafa, ingawa ndiyo inayotoa onyo la mapema zaidi. Iliyo kwenye bomba la kurudi huonesha jinsi kipoozeo kinavyofanya kazi. Fundi anayefunga geji bila kumweleza mwenye gari ni bomba gani alilolitumia amempa namba isiyo na maana.

Namba ikishaonekana, tabia ya dereva hubadilika yenyewe. Aliye na namba hutambua upesi kwamba kuteua gia ya chini kwa mkono kabla ya kuingia kwenye tope au mlima hupunguza joto, kwa sababu injini huzunguka kwa kasi inayokaribiana na ya magurudumu na konvata huteleza kidogo, na katika magari mengi klachi ya konvata huweza kufungika hata kwenye gia ya tatu au ya nne mwendo ukiwa wa kutosha. Hutambua pia kwamba gia nzito za magurudumu manne, ambazo madereva wengi huziona kama silaha ya mwisho baada ya kukwama, ni kinga ya giaboksi inayofaa kuwekwa kabla ya tope kuanza, kwani hupunguza kwa zaidi ya nusu mzigo unaobebwa na konvata. Namba ikipita 110 kwenye sampu, inafaa kupunguza mwendo wa kupanda na kushusha gia. Ikipita 120, dereva asimame mahali pa salama, aweke gia huru au ya kuegesha, na auache mtambo ukizunguka kidogo juu ya mzunguko wa kawaida wa kusimama, kwa kuwa pampu inayopeleka mafuta kwenye kipoozeo huendeshwa na injini. Kuzima injini wakati huo, ambako ndiko silika ya wengi, huyaacha mafuta ya moto yametulia palepale yalipo.

Kwa wanaopeleka mazao hadi Nairobi, kipimo cha pili huja baada ya Naivasha, ambako gari lililoshuka kutoka Mau hulazimika kupanda ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa, ama kwa barabara ya juu inayopitia Kinungi, ama kwa ile ya Mai Mahiu iliyochongwa na wafungwa wa vita Waitaliano, ambao kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali kando ya barabara chini ya ukuta huo. Kwenye barabara ya Mai Mahiu tatizo ni malori. Pikapu inayofuata trela lenye mzigo kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa hukaa katika utelezi kwa muda mrefu, bila upepo wa kutosha mbele ya rejeta, na hewa inayoipokea imeshapashwa moto na lori lililo mbele. Inafaa dereva aache nafasi kubwa, na pale foleni inaposimama kabisa aweke gia huru badala ya kushikilia gari kwa breki likiwa ndani ya gia.

Baridi nayo ina hesabu yake. Asubuhi ya Mau Narok mafuta yanaweza kuanza siku chini ya digrii 10, yakiwa mazito kiasi kwamba kompyuta huchelewesha gia za juu na hukataa kufunga konvata hadi yapate joto. Dereva asiyejua hilo hudhani giaboksi inaumwa, naye hukanyaga zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, kipoozeo cha ziada cha kufungwa mbele ya rejeta, ambacho ni nyongeza nzuri kwa gari la mzigo, kinafaa kiwe na vali ya joto inayoyazuia mafuta kupita hapo yakiwa bado ya baridi.

Joto linahusika hata katika kupima kiasi cha mafuta. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Kiwango hupatikana kwa kufungua nati ya chini injini ikiwa inazunguka na kutazama mafuta yakidondoka, kazi ambayo ina maana tu ikifanywa katika joto lililotajwa na mtengenezaji, ambalo katika baadhi ya Toyota ni kati ya digrii 35 na 45. Mafuta hupanuka kwa joto. Fundi anayepima gari lililotoka tu safarini likiwa na digrii 90 ataona mengi yakimwagika, atafunga nati akiamini kwamba yamejaa, na giaboksi itarudi shambani ikiwa na upungufu ambao nao huongeza joto. Vivyo hivyo, si kila mafuta mekundu yaliyo kwenye pipa la duka yanafaa: yale ya Toyota yanayoitwa WS ni mepesi kuliko yale ya Dexron III yaliyozoeleka, na Probox za miaka ya karibuni, ambazo Kenya nzima huzibebesha mizigo ya pikapu, zina giaboksi ya mkanda inayotaka mafuta ya aina nyingine kabisa.

Limebaki suala la trekta. Katika Mau Narok pikapu iliyoshindwa huvutwa na trekta la shamba, na hilo ni jambo jema maadamu ni kutoka kwenye tope hadi mahali pagumu. Ikiwa injini haiwaki na gari linapaswa kufikishwa Njoro au Nakuru, magurudumu ya nyuma yanayobingirika huzungusha sehemu ya nyuma ya giaboksi huku pampu ikiwa imesimama, kwa hiyo hakuna tone linalofika kwenye beringi, na kilomita chache za mteremko zinatosha kumaliza kilichookolewa na uangalifu wa miaka. Inafaa gari libebwe juu ya lori, au propela, yaani ule mhimili mrefu unaotoka giaboksi kwenda ekseli ya nyuma, ifunguliwe kabla ya kamba kufungwa, kazi ya boliti nne tu katika pikapu nyingi, ambayo fundi wa Mau Narok anaweza kuimaliza palepale kando ya barabara kabla trekta halijageuza.